Tangazo jipya la nyumba ya kupangisha kwa siku chache: namna ya kupata wageni kabla hujapata nyota

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye majukwaa ya kupangisha nyumba kwa siku chache, methali hiyo huanza kusema kweli ukishakuwa na maoni ya wageni. Kabla ya hapo hata nyumba nzuri inabidi ijitembeze. Airbnb, kwa mfano, haionyeshi wastani wa nyota mpaka wageni watatu wawe wamekupima. Hadi siku hiyo uko kwenye orodha moja na watu wenye maoni mia, na wewe huna chochote cha kuonyesha isipokuwa picha, maneno na bei.

Kwa hiyo kazi ya tangazo jipya ni kuondoa shaka. Mtu asiyekujua anajiuliza: nyumba hii ipo kweli? Ni safi? Nitalala vizuri? Nitaingiaje nikifika usiku? Mwisho wa yote nitalipa kiasi gani? Maoni ya wageni waliotangulia ndiyo hujibu maswali hayo kwenye matangazo ya zamani. Kwenye lako, itabidi kila kipengele kijibu.

Hatua ya 1: Jua tangazo linakwama wapi

Wengi wakiona kalenda iko tupu hukimbilia kushusha bei. Subiri kwanza. Majukwaa makubwa kama Airbnb, Booking.com na Vrbo humpa mwenyeji takwimu zake: tangazo limetokea mara ngapi kwenye utafutaji, watu wangapi wamelifungua, wangapi wamelipia. Zisome kwa mpangilio huo.

Kama halitokei kabisa, tatizo liko kwenye kalenda, idadi ya chini ya siku, au huduma ambazo hukuziwekea alama, na mgeni anapochuja matokeo unatoweka. Kama linatokea lakini halifunguliwi, angalia picha ya kwanza, kichwa cha tangazo na bei inayoonekana nje. Kama linafunguliwa na watu wanaondoka bila kulipia, kuna kitu ndani kinawatia wasiwasi: picha zisizokamilika, ada inayojitokeza mwishoni, masharti makali au maelezo yasiyosema kitu. Kila ugonjwa una dawa yake, na kushusha bei ni dawa ya mmoja tu kati yao.

Na kabla ya hayo yote, hakikisha unaruhusiwa kupangisha. Miji mingi sasa inadai usajili. Jiji la New York lilianza kusimamia sheria yake ya usajili Septemba 2023, na kwa ukaaji wa chini ya siku 30 mwenyeji anatakiwa awepo mwenyewe ndani ya nyumba. Uliza mamlaka ya eneo lako, na kama umepanga, soma mkataba wako na mwenye nyumba. Tangazo lililofutwa halina cha kuboreshwa.

Hatua ya 2: Lala humo mwenyewe

Usiku mzima, ukiwa na begi dogo tu, bila kuleta kitu kutoka kwako. Oga, pika chai, fanya kazi kidogo kwenye kompyuta, kisha lala kwenye kitanda cha mgeni. Utagundua kwamba hakuna mahali pa kutundika taulo, kwamba soketi iko mbali na kitanda, kwamba taa ya nje inapenya pazia, kwamba maji ya moto huchukua muda kufika. Hakuna orodha ya mtandaoni itakayokufundisha hayo.

Ukiwa na fedha kidogo za kutumia, ziweke kitandani kwanza. Mgeni amenunua usingizi. Mapambo ukutani yanaweza kusubiri. Godoro zuri lenye kikinga-godoro, mito miwili kwa kila mtu, mmoja laini na mwingine mgumu kiasi, na pazia zito linaloleta giza la kweli. Kwa kila kitanda uwe na seti tatu za shuka: moja imetandikwa, moja iko kwenye kufuliwa, moja iko kabatini. Mwenye seti moja hujikuta siku moja akisubiri shuka ikauke huku mgeni yuko njiani. Shuka na taulo nyeupe ninazipendelea kwa sababu doa huonekana mara moja, unaweza kuzifua kwa maji ya moto, na ikiharibika moja hutafuti ya kufanana nayo.

Jikoni, afadhali vitu vichache vinavyofanya kazi kuliko kabati lililojaa masufuria yasiyo na mifuniko. Kisu kikali, kikaango kisichogandisha, ubao wa kukatia, birika, vikombe vya kutosha na viwili vya ziada.

Usalama usiuache. Weka kitambua moshi, na kama kuna jiko au hita inayotumia gesi, kuni au mafuta, weka pia kitambua kaboni monoksidi, kwa sababu hewa hiyo haina rangi wala harufu. Kamera ndani ya nyumba usiziweke kabisa: Airbnb ilizipiga marufuku duniani kote kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata sebuleni. Za nje zinaruhusiwa ukizitaja waziwazi kwenye tangazo.

Hatua ya 3: Picha

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mwaka 2009, Airbnb ikiwa bado haijulikani, waanzilishi wake walikwenda New York wakazunguka kwenye nyumba za wenyeji wao na kuzipiga picha upya, maana waliona picha mbovu ndizo zilizokuwa zikiwafukuza wageni. Tangu wakati huo kamera zimekuwa nzuri sana, ila makosa ni yale yale.

Anza kwa kuondoa vitu. Sabuni zilizotumika nusu, waya zinazoning'inia, ndoo ya taka, sumaku kwenye friji, viatu mlangoni, rimoti zilizozagaa. Kifuniko cha choo kishushwe. Nyoosha shuka kwa pasi ikiwa tayari imetandikwa. Mikunjo ambayo macho huisamehe, kamera haiisamehi.

Chagua saa ambayo chumba kina mwanga mwingi wa dirisha bila jua kali kuingia moja kwa moja, mara nyingi asubuhi iliyokwisha kukua au alasiri. Fungua mapazia yote. Zima flashi. Kuhusu taa, amua moja: ama uziwashe zote kwa sababu chumba ni cheusi, ama uzizime zote. Mwanga wa njano wa balbu ukichanganyika na wa dirisha hufanya kuta nyeupe zionekane chafu.

Futa lenzi kwa kitambaa. Shika simu kwa mlalo, usawa wa kifua, usimame kwenye kona au mlangoni, na hakikisha kona za ukuta na fremu za milango zimesimama wima kwenye picha. Ukiinamisha simu, nyumba nayo huonekana inaanguka. Simu nyingi zina lenzi pana sana, ile ya 0.5. Itumie kwa bafu dogo tu, tena kwa kiasi. Chumba kidogo kikionekana ukumbi, utapata mgeni leo na malalamiko kesho, na usahihi wa tangazo ni mojawapo ya mambo ambayo mgeni anaulizwa kupima akiondoka. Pakia picha kubwa, si zile zilizopita WhatsApp na kubanwa. Airbnb inapendekeza angalau pikseli 1024 kwa 683, nami nasema zidisha.

Picha ya kwanza inaamua karibu kila kitu. Usiweke ile unayoipenda wewe. Weka ile inayoonyesha kitu ambacho nyumba za jirani hazina, au wanacho lakini hawakukionyesha: roshani, dirisha kubwa, meza ya kazi iliyo kwenye mwanga, bustani. Kama hakuna cha pekee, weka kitanda kilichotandikwa vizuri chumbani penye mwanga. Kisha ifungue kwenye simu ya mtu mwingine, ndani ya orodha ya matokeo, katikati ya nyumba nyingine. Kama hutambui kilichomo bila kuikuza, tafuta nyingine.

Zinazofuata zipangwe kama mtu anayetembea ndani ya nyumba: mlango, sebule, jiko, chumba, bafu, nje. Kila chumba kionekane kutoka pembe mbili ili mgeni aweze kukiunganisha kichwani. Bafu lisikosekane hata kama ni la kawaida. Mgeni asipoliona hudhani unaficha kitu. Ongeza picha chache za karibu zinazojibu shaka: mashine ya kufulia, soketi kando ya kitanda, kufuli la mlango, ngazi, mahali pa kuegesha gari. Kwa nyumba ya chumba kimoja, picha 20 zinatosha. Chini ya kila picha andika mstari mmoja wa taarifa, usiandike "sebule" chini ya picha ya sebule. Andika "kochi linakunjuka kuwa kitanda cha mtu mmoja".

Hatua ya 4: Kichwa na maelezo

Kichwa cha tangazo hukatwa kwenye simu, kwa hiyo kilicho muhimu kikae mwanzoni. "Nyumba nzuri, safi na ya kisasa" hakimwambii mgeni chochote, maana kila mtu anaandika hivyo. Linganisha na "Studio tulivu yenye meza ya kazi, dakika 6 hadi stesheni". Cha pili kina mtu ndani yake: msafiri wa kazi, peke yake, hana gari. Familia itapita bila kukifungua, na hiyo ni sawa. Amua nyumba yako inamfaa nani zaidi, halafu mwandikie huyo.

Maelezo nayo hufichwa nusu mpaka mtu abonyeze kusoma zaidi. Mistari mitatu ya kwanza ibebe jibu la swali la usingizi na la mahali: vitanda vingapi na vya ukubwa gani, ghorofa ya ngapi, umbali kwa miguu hadi usafiri. Umbali utaje kwa dakika na uupime kwa kutembea mwenyewe. Ramani haijui mlima wala taa za barabarani. Sifa zigeuze kuwa vipimo. Usiseme intaneti ni ya kasi; pima karibu na kitanda na mezani, andika namba. Mazungumzo ya video yenye picha safi huhitaji takribani Mbps 4 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi ya intaneti), kwa hiyo mtu anayefanya kazi akiona 40 anaacha kuuliza.

Na kasoro? Ziseme. Ngazi za ghorofa nne bila lifti, barabara yenye magari asubuhi, mbwa wa jirani, maji yenye mgao. Ziandike kwa utulivu, bila kuomba radhi, na useme ulichofanya: "Barabara ina magari kuanzia saa 12 asubuhi; chumba cha kulala kiko upande wa nyuma." Mgeni aliyeambiwa mapema akalipa, ameikubali. Aliyeikuta akifika ataiandika kwenye maoni yako, na maoni matatu ya kwanza yana uzito kuliko yote yatakayofuata.

Halafu pitia orodha ya huduma mstari kwa mstari. Inachosha, lakini wageni huchuja kwa orodha hiyo. Pasi iliyoko kabatini bila alama kwenye tangazo haipo.

Hatua ya 5: Bei

Tafuta kwanza bei ambayo chini yake unapata hasara. Jumlisha kwa kila ukaaji: usafi, kufua, umeme, maji, sabuni na karatasi, kamisheni ya jukwaa, kodi. Bila namba hiyo, punguzo lolote ni kubahatisha.

Kisha jitafute kama mgeni. Weka tarehe, idadi ya watu, eneo, uone nyumba zinazofanana na yako zinaombaje. Kuna mtego hapa: nyumba unazoziona bado ziko wazi, maana yake bei hizo bado hakuna aliyezikubali. Ili kuona zilizouzika, andika leo nyumba kumi zinazofanana na yako zilizo wazi kwa wikendi fulani ya mwezi ujao. Rudi baada ya wiki mbili. Zilizotoweka zimechukuliwa au zimefungwa na wenyewe. Zile zilizobaki zinakuonyesha kiwango ambacho wageni wanakikwepa.

Anza chini kidogo ya zilizotoweka, usianze chini sana. Bei ya kutupa kwenye tangazo lisilo na maoni hutia shaka kuliko kuvutia, na huvutia watu wanaotafuta mahali pa sherehe. Airbnb huruhusu tangazo jipya kutoa punguzo la asilimia 20 kwa wateja watatu wa kwanza. Ninaliona ni zuri kuliko kushusha bei yenyewe: mgeni anaona bei ya kawaida ni ipi, na punguzo linaisha lenyewe.

Ada ya usafi inahitaji hesabu. Chukua nyumba ya 50 kwa usiku na ada ya usafi 40, dhidi ya nyumba ya 60 kwa usiku na ada 10. Kwa usiku mmoja, ya kwanza ni 90 na ya pili 70. Kwa usiku nne, ni 240 na 250. Kama wageni unaowalenga hukaa usiku mmoja au miwili, ada kubwa inakuua. Kama hukaa wiki, haina madhara na pengine inakusaidia. Zamani ilikuwa rahisi kuficha ada nyuma ya bei ndogo. Tangu Aprili 2025, Airbnb huonyesha wageni wote jumla pamoja na ada kabla ya kodi, kwa hiyo ujanja huo umekwisha.

Hatua ya 6: Kalenda na masharti

Fungua angalau miezi mitatu mbele. Anza na kiwango cha chini cha usiku mmoja au miwili, na uangalie usiku ulioachwa peke yake kati ya wageni wawili: kama kiwango chako ni usiku miwili, huo hautauzika kamwe mpaka uushushie kiwango kiwe usiku mmoja.

Ukitangaza kwenye jukwaa zaidi ya moja, unganisha kalenda. Muungano wa kawaida wa iCal, yaani kiungo cha kalenda ambacho jukwaa moja husoma kutoka jingine, hausasishwi papo hapo. Unaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Ukipata mteja wa kesho kwenye jukwaa moja, funga tarehe kwa mkono kwenye jingine dakika hiyo hiyo. Kumghairi mgeni ni jambo baya kuliko kukaa na nyumba tupu.

Sera ya kughairi iwe legevu mwanzoni. Ile legevu ya Airbnb humrudishia mgeni fedha zote mpaka saa 24 kabla ya kuingia. Inatisha, najua. Lakini mtu anayekuwazia bila maoni hata moja anahitaji njia ya kurudi nyuma; ukishapata maoni kumi unaweza kukaza. Uwekaji nafasi wa papo hapo, ambapo mgeni haingoji umkubali, nao uuwashe, ukidai wageni wenye rekodi nzuri kama jukwaa linaruhusu. Sheria za nyumba ziwe chache. Orodha ya makatazo ishirini humfanya mgeni mwema ajione mtuhumiwa, na mkorofi haisomi.

Hatua ya 7: Kutoka ujumbe wa kwanza hadi maoni ya kwanza

Jibu haraka, ndani ya saa moja ukiweza. Anayekuuliza wewe amewauliza na wengine wawili. Akirudia mtu wa pili swali lile lile, jibu lake lihamishie kwenye tangazo.

Maelekezo ya kuingia yatume siku moja kabla, yakiwa na picha: geti linavyoonekana kutoka barabarani, mlango, kisanduku cha ufunguo, swichi ya taa. Yajaribu kwa kumpa rafiki ambaye hajawahi kufika, aingie usiku bila kukupigia simu. Pale atakapokupigia ndipo maelekezo yako yana tundu.

Mgeni akishalala usiku wa kwanza, mwulize kama kuna kinachokosekana. Swali hilo fupi ndilo linalookoa nyota, kwa sababu balbu iliyoungua ikibadilishwa siku hiyo haifiki kwenye maoni. Akiondoka, mshukuru na umwombe maoni waziwazi, ukimweleza kwamba nyumba ni mpya na maneno yake yatasaidia wengine. Usiombe nyota tano, wala usibadilishane maoni kwa punguzo, majukwaa hayaruhusu. Kwenye Airbnb pande zote mbili zina siku 14, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote waandike au muda uishe. Andika yako mapema: yeye hupata taarifa kwamba umeandika, na wengi huandika ili wasome.

Maoni mabaya yakija, jibu kwa mistari miwili ya utulivu: umesikia nini, umerekebisha nini. Anayesoma jibu lako ni mgeni wa kesho, aliyelalamika ameshaondoka.

Usihangaikie beji ya Superhost, ile Airbnb huwapa wenyeji bora, kwa sasa. Inadai wastani wa 4.8, ukaaji 10 au usiku 100 katika angalau ukaaji mitatu, kujibu kwa asilimia 90 na kughairi kwa chini ya asilimia 1. Ukifanya yaliyo hapo juu itakuja yenyewe.

Hatua ya 8: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Rudi kwenye takwimu za hatua ya 1 kila baada ya wiki mbili. Ukibadilisha picha ya kwanza, kichwa na bei siku moja, kisha wageni wakaja, hutajua kilichowaleta. Badilisha picha, subiri; badilisha kichwa, subiri. Andika tarehe za mabadiliko daftarini, na ukumbuke kwamba wiki ya sikukuu haiwezi kulinganishwa na wiki ya kawaida.

Wastani wa nyota ukishaonekana, soma maneno ya wageni wenyewe. Wakisifu kitu ambacho hukukiandika, utulivu wa chumba pengine au kahawa uliyowaachia, kipandishe kwenye kichwa na kwenye picha tano za kwanza. Hapo ndipo pa kuongeza bei, kidogo kidogo, ukianzia tarehe zinazochukuliwa mapema zaidi, na kuziacha siku za katikati ya wiki kama zilivyo mpaka nazo zianze kujaa.